Uislamu Ulivyoenea (3): Kutoka Kafuro na Buganda hadi Buhaya

Makala iliyopita ilitufikisha mwaka 642, Misri ilipokuwa imeingia mikononi mwa Waislamu, miaka 10 tu baada ya kufariki Mtume Muhammad (S.A.W.). Tukaacha swali: je, kutawala nchi ndiko kuisilimisha? Sivyo. Wamisri wengi walibaki Wakristo kwa karne kadhaa chini ya makhalifa. Utawala ulikuja na jeshi, lakini imani ilienea polepole kwa ndoa, ujirani na darasa.

Hapo ndipo tunapopata jibu la jambo linalomhusu msomaji wa Nshamba, Buhaya. Shanga, katika visiwa vya Lamu, kulikuwa na msikiti tangu karne ya 8. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 1107. Mbona basi Buhaya ilisubiri hadi karne ya 19?

Pwani, wafanyabiashara walioa, wakajenga na kuzaa. Bara, hawakuwa na sababu kubwa ya kwenda mpaka pembe za ndovu zilipopanda bei. Ndipo misafara ikatoka Bagamoyo hadi Tabora, na mingine ikashika njia ya kaskazini kwenda Karagwe. Huko Kafuro, karibu na Bweranyange, makao makuu ya mfalme, Waarabu na Waswahili waliweka kituo. Mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suna wa Buganda, akamweleza habari za Mwenyezi Mungu. Speke na Grant walipoingia Karagwe mwaka 1861, walimkuta mfalme Rumanyika akiwapokea wafanyabiashara kwa heshima.

Hata hivyo Rumanyika hakusilimu. Mfalme ndiye aliyeshika matambiko ya nchi, na wageni wa Kafuro walifuata pembe. Walisali, wakauza nguo na shanga, wakaondoka.

Buganda mambo yalikwenda mbali zaidi. Kabaka Mutesa alifunga Ramadhani na kujengesha msikiti, ila alikataa kutahiriwa kwa kuwa mila ilikataza damu ya kabaka kumwagika. Mwaka 1876 aliamuru kuuawa kwa vijana Waislamu waliokataa kula nyama iliyochinjwa na asiyetahiriwa. Kifo chao kinaonyesha kwamba dini ilikuwa imekwisha kutoka katika adabu za ikulu na kuingia moyoni. Mwaka 1888 Waislamu walishika madaraka wakamtawaza Kalema. Kufikia 1890 walikuwa wameshindwa vitani.

Kiziba ya Buhaya inapakana na Buganda, na Kihaya na Kiganda ni lugha ndugu. Mwislamu wa Buganda aliweza kumweleza Mhaya dini kwa maneno ya karibu na yake, jambo ambalo mfanyabiashara wa Kafuro hakuliweza kwa urahisi. Mwaka huo huo wa 1890 Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani Bukoba, na vituo vya namna hiyo vilileta askari Wasudani, wapagazi na wachuuzi wa pwani. Hao walikaa na majirani.

Kwa mtu wa Ihangiro, Buhaya, kusilimu hakukuwa jambo jepesi. Rubisi, pombe ya ndizi, ilipelekwa kwa omukama (mfalme), ikatumika pia katika ibada za mababu. Kuiacha kulimtenga mtu na jamaa zake. Kutahiriwa nako kulikuwa kugeni. Aliyekubali yote hayo alikuwa ameshawishika na mtu aliyemwamini, mtu aliyeishi naye migombani.

Kwa sababu hiyo, historia ya Uislamu wa Nshamba na Muleba haitapatikana yote katika vitabu vya wasafiri wa Ulaya. Imo katika majina ya walimu wa kwanza wa kila kijiji, na wazee wanaoyakumbuka wanapungua. Vijana, yaandikeni sasa: nani alimfundisha nani, wapi, na alitokea wapi.

Sehemu ya nne itaeleza jinsi tariqa ya Qadiriyya ilivyotoka Zanzibar na Bagamoyo kuelekea bara.