Venye wasee wa udaktari hufunzwa kuskiza moyo wako pale KNH, na kwa nini inakuhusu

Ukipanda mathree kutoka Westi kuenda tao asubuhi, kuna siku utaketi karibu na msee ameshika koti jeupe limekunjwa, macho nyekundu kama ametoka rave, na ile mpira ya kuskiza kifua imening'inia shingoni. Wengi hudhani ni luku. Hiyo kitu inaitwa stetoskopu, na kuinunua ndiyo sehemu rahisi. Kazi ni kufunza masikio yake kuskia kitu wewe na mimi hatuwezi kuskia: moyo unaoanza kuharibika kabla mwenyewe hajajua.

Leo tunakuchambulia venye hiyo skili hufunzwa hapa Nairobi, kutoka Chiromo hadi wodi za Kenyatta. Usiseme haikuhusu. Kuna ugonjwa wa moyo unaopenda vijana, na mara nyingi mtu wa kwanza kuushuku ni daktari mchanga mwenye hana mashine yoyote isipokuwa hiyo mpira.

Chiromo: unaanza na moyo umenyamaza

Wanaosomea udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi huanzia kampasi ya Chiromo, pale Riverside, kabla ufike Westlands. Huko ndiko hukutana na maiti. Wanafungua kifua, wanashika moyo kwa mkono, wanaona kwa macho vyumba vyake 4 na vali zake 4. Vali ni milango. Inafunguka damu ipite, halafu inafunga damu isirudi nyuma.

Shika hapo kwa milango, juu ndiyo siri ya stori yote. Ile "lab-dab" unaskia ukiweka sikio kwa kifua cha mtu ni sauti ya milango ikifungwa. "Lab" ni milango 2 kati ya vyumba vya juu na vya chini. "Dab" ni milango 2 ya kutoka nje, ya kwenda kwa mapafu na ya kwenda kwa mwili wote. Milango ikiwa fiti, katikati ya hizo sauti kunanyamaza. Mlango ukiwa umebana, ama haufungi vizuri, damu hupita kwa fujo na kufanya mvumo, kama maji yakipita kwa paipu umeziba nusu na kidole.

Kwa kitabu hii inaingia haraka. Kwa kifua cha mtu anayepumua ni stori nyingine.

Upper Hill: macho na vidole kwanza, masikio mwisho

Baada ya Chiromo, kambi inahamia Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Hapo wanakutana pia na wenzao wa KMTC walio jirani kabisa, wanaosomea kuwa maafisa wa kliniki. Wodi za magonjwa ya ndani ziko ghorofa ya 7 na ya 8, na lifti ikiwa imejaa, unapanda ngazi. Mbogi ya wanafunzi inasimama karibu na kitanda, daktari mkubwa anamwambia mmoja: "Chunguza moyo wa huyu mzee."

Mgeni hutoa stetoskopu mara moja na kuipeleka kwa kifua. Hapo ndipo hupigwa swali: "Umeona nini kwanza?" Juu ile mpira hutumika mwisho. Kuna mpangilio.

Kwanza unaangalia. Mgonjwa anaeza maliza sentensi bila kuvuta pumzi? Amelalia mito mingapi? Ncha za vidole zimefura kama vijiti vya ngoma? Miguu imevimba, na ukibonyeza shimo linabaki? Halafu unamlaza akiwa ameinuliwa nyuzi 45 na unacheki mshipa wa shingo. Mshipa ukiwa umejaa hadi juu, inamaanisha damu inapanga foleni kurudi kwa moyo na moyo haimalizi.

Pili unagusa. Unashika mpigo wa mkono kwa vidole 2 au 3, kamwe si kwa kidole gumba, juu hicho kina mpigo wake na unaeza hesabu moyo wako ukidhani ni wa mgonjwa. Unaskiza mdundo. Mpigo usio na mpangilio wowote, leo haraka, saa hii polepole, kama mpiga ngoma amelewa, huambia daktari kitu kikubwa: vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kupiga, na damu inaeza ganda humo na kupanda hadi kwa ubongo. Hiyo ni njia moja ya kupata kiharusi.

Halafu unatafuta pale moyo unagonga kifua kwa nguvu. Kwa wengi ni upande wa kushoto, kati ya ubavu wa 5 na wa 6, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mfupa wa bega la mbele. Ukiipata imesonga kuelekea kwapa, moyo huenda umepanuka.

Ndiyo sasa unaskiza.

Sehemu 4, na mkono mwepesi

Wanafunzi hufunzwa vituo 4 kwa kifua, kimoja kwa kila mlango. Kuna kimoja kulia kwa mfupa wa katikati, juu. Kingine ni mkabala, kushoto. Cha tatu kiko chini, pembeni ya huo mfupa. Cha nne ni pale moyo unagonga. Kama kondakta anavyojua stage zake, unapita moja baada ya nyingine bila kuruka.

Stetoskopu nyingi zina pande 2. Upande mpana wenye ngozi ya plastiki hushika sauti za juu. Upande mdogo kama kikombe hushika sauti nzito za chini. Mtego ni huu: ule wa kikombe lazima uushike kwa mkono mwepesi. Ukibonyeza, ngozi ya mgonjwa inakazika na kuwa kama ule upande mwingine, na sauti nzito inapotea. Wasee wengi hukosa ugonjwa hapo tu, kwa kubonyeza sana.

Kuna mvumo mmoja hasa ambao kila mwanafunzi wa Nairobi huambiwa asimalize chuo bila kuuskia. Ni wa mlango wa kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini ukiwa umebana. Ni sauti nzito, ya chini, kama lori likiunguruma mbali pale Waiyaki Way saa nane usiku. Ili uiskie, unamwomba mgonjwa alale ubavu wa kushoto, atoe pumzi yote na ashikilie. Unaweka kikombe kwa wepesi pale moyo unagonga. Wodi ina kelele, troli ya chakula inapita, jirani anakohoa. Unaeza simama hapo dakika 2 bila kuskia kitu, halafu siku ya kumi unaiskia na huisahau tena.

Kwa nini huo mvumo mmoja

Hapa ndipo inakuingilia wewe na wadogo zako.

Mtoto anapata koo inauma. Mara nyingi ni virusi na inaisha yenyewe. Lakini wakati mwingine ni bakteria inayoitwa streptokoko. Isipotibiwa, kwa watoto wengine kinga ya mwili inachanganyikiwa: inapigana na bakteria, halafu inageuka na kupiga vali za moyo. Hiyo ni homa ya rumatiki, na hupenda zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Viungo vinauma na kuvimba, leo goti, kesho kifundo, halafu inapoa. Watu wanasahau.

Vali haisahau. Kila shambulio linaacha kovu, na miaka baadaye mlango umebana. Huo ugonjwa umeisha karibu kabisa kwa nchi tajiri. Huku kwetu bado uko, na unahusishwa na watu wengi kulala chumba kimoja na kukosa dawa mapema. Ukiwa umelelewa Kangemi ama Kawangware kwa keja ya singo na ndugu 4, unajua koo ya mmoja ni koo ya wote.

Kibaya ni venye unajificha. Dem anaeza fika miaka 22 akijua tu kwamba huchoka haraka kwa ngazi. Halafu anashika mimba. Damu mwilini inaongezeka, moyo unatakiwa kupitisha damu nyingi kwa mlango mwembamba, na ghafla hawezi kupumua akilala. Kliniki ya wajawazito, msee mwenye masikio mazuri angeskia lile lori mapema na kumtuma mbele. Mwenye alibonyeza sana angemwambia ni uchovu wa mimba tu.

Ukijulikana mapema kuna cha kufanya. Sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka, inazuia shambulio lingine. Vali ikiwa imeharibika sana, inapanuliwa ama inabadilishwa. Zile tisheti za Mater Heart Run unaona watu wamevaa mtaani, hizo pesa zilikuwa za kusaidia watoto wapate operesheni za moyo.

Na ile karatasi ya milima?

Hiyo ni ECG. Inachora umeme wa moyo, haionyeshi milango. Waya zinabandikwa 10: 4 kwa mikono na miguu, 6 kwa kifua. Karatasi inakimbia milimita 25 kwa sekunde, kwa hivyo viboksi vikubwa 5 ni sekunde moja. Ujanja wa kwanza kila mtu hufunzwa: hesabu viboksi vikubwa kati ya kilele kimoja na kingine, halafu gawa 300 kwa hiyo namba. Viboksi 4? Moyo unapiga mara 75 kwa dakika. Viboksi 2? Ni 150, amka.

Baada ya hapo wanasoma mpangilio, na kama kuna sehemu ya mstari imeinuka kuashiria mshipa wa moyo umeziba. Hiyo haingoji kesho.

Lakini si mashine ziko?

Ziko. Eko, ile picha ya moyo inayotumia mawimbi ya sauti, huonyesha mlango ukifunguka na kufunga laivu. Tena tuwe wakweli: inashinda masikio. Mwaka wa 2007, utafiti wa watoto wa shule Msumbiji na Kambodia ulionyesha eko iligundua wagonjwa wa vali karibu mara 10 kuliko kupima kwa stetoskopu. Kwa hivyo masikio hukosa, hata ya waliobobea.

Sasa mbona bado waskize? Juu eko iko Upper Hill na Parklands, na mgonjwa yuko kila mahali. Akimaliza chuo, huyu msee lazima afanye mwaka mmoja wa intanshipu kabla apewe leseni kamili, na anaeza tumwa kaunti yoyote. Hao maintani ndio walikuwa katikati ya ule mgomo wa madaktari wa 2024 uliochukua siku 56, serikali ikitaka kuwalipa elfu 70 badala ya elfu 206 za mkataba wa 2017. Usiku wa manane, hospitali ndogo, foleni ndefu, ni yeye huamua nani anaenda nyumbani na panadol na nani anaandikiwa eko. Hiyo stetoskopu ndiyo mlango wa kufika kwa mashine.

Jaribu mwenyewe

Stetoskopu ya kwanza ilikuwa karatasi. Mwaka wa 1816 kule Paris, daktari René Laennec aliona haya kuweka sikio lake kwa kifua cha dem mgonjwa, akakunja karatasi ikawa bomba, na akaskia vizuri kuliko kawaida. Wewe chukua kile kibomba cha katikati ya tishu, weka kwa kifua cha beste yako, upande wa kushoto, zima TV. Utaskia lab-dab. Sasa jaribu kutofautisha ni ipi "lab" na ipi "dab" na utaelewa mbona yule msee wa mathree ana macho nyekundu.

Mambo mengine ya kubeba:

Presha hupimwa ukiwa umetulia dakika 5, miguu chini, mkono umeegemezwa usawa wa moyo, bila kuongea, na ule mkanda juu ya ngozi, si juu ya hudi. Ukipimwa umetoka kupanda ngazi, hiyo namba usiiamini.

Mtoto akiwa na koo na homa, mpeleke kliniki badala ya kumpa nusu dozi iliyobaki ya mtu mwingine. Na akiumwa viungo wiki chache baada ya koo, mwambie daktari zote mbili.

Ukiwa wodini, ama mathe wako ndiye amelazwa, na mwanafunzi aje kuomba kuskiza, mko na haki ya kukataa. Sheria ya Afya ya 2017 inataka ridhaa, na matibabu hayafai kukatizwa juu umesema hapana. Ila jua kila daktari aliyewahi kugundua moyo mbaya alifunzwa na mgonjwa fulani aliyelala ubavu wa kushoto, akatoa pumzi na kungoja. Kama una nguvu, mkubalie. Na mwambie apashe hiyo chuma joto kwa kiganja kwanza, juu huwa baridi vibaya.