Hatamu na Lijamu: Kauli Iliyozuiwa Kinywani



Wengi wetu neno hatamu tunalijua kwa siasa. Tangu zama za chama kimoja tunasikia kuwa fulani kashika hatamu, yaani kashika uongozi. Asili yake ni Kiarabu, khitaam: kamba anayofungwa ngamia puani ili aongozwe. Lijamu, kwa Kiarabu lijaam, ni chuma anachotiwa farasi au punda ndani ya kinywa, kikamkalia juu ya ulimi. Watu huyachanganya maneno haya na hatuwalaumu, lakini katika Hadiyth kila moja lina pahala pake.

Imaam Muslim amepokea kwamba mtu alimleta ngamia jike aliyekwishafungwa hatamu, akamtoa katika njia ya Allaah. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akamuahidi ngamia 700 Siku ya Qiyaamah, wote na hatamu zao. Hapo hatamu ni neema: mnyama yuko tayari kupandwa.

Lijamu imetajwa kwa kitisho. Abu Daawuud na At-Tirmidhiy wamepokea kutoka kwa Abu Hurayrah (Radhwiya Allaahu 'anhu) kuwa anayeulizwa elimu akaificha, Siku ya Qiyaamah atatiwa lijamu ya moto. Adhabu imefuata kosa: alijifunga kinywa mwenyewe, basi kitafungwa hicho hicho. Al-Khattwaabiy amebainisha kuwa makusudio ni elimu ambayo ni wajibu kuifikisha, si kila tunachokijua.

Na wapi tunaificha zaidi visiwani kwetu? Kwenye mirathi. Baba kafariki, kaacha nyumba na mikarafuu. Watoto wa kiume wanavuna msimu baada ya msimu, na dada zao wanaambiwa "nyinyi mmeshaolewa". Kwenye kikao hicho amekaa ami au mwalimu wa chuo anayeijua vyema Suuratun-Nisaa, aya ya 7 na ya 11. Binti anamuuliza, "Ami, mimi sina fungu?" Naye anajibu, "Subiri mwanangu, tusivunje udugu."

Jibu hilo ndilo la kuogopwa, kwa sababu ameulizwa, anajua, na haki ya mtu inapotea mbele yake.

Asiyeyajua mafungu asikisie. Aseme "sijui", hilo si kuficha, kisha familia iende kwa Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ikagaiwe.

Wa Allaahu a'lam.