Kijiko, Greda na Kazi ya Mfasiri

Makala haya yanahusu tafsiri, ila si ya riwaya wala ushairi. Hebu tutoke maktabani twende njia panda ya Nanganga, inapochepuka barabara ya Ruangwa, kilomita 53.2, iliyoanza kujengwa kwa lami miaka ya 2020. Mikataba ya kazi kama hizi huandikwa kwa Kiingereza, lakini wanaoendesha mitambo huelekezana kwa Kiswahili. Hapo katikati ndipo pa mfasiri.

Jambo hili si geni kusini. Mradi wa karanga wa Waingereza (1947-1951) ulishusha mitambo mizito Nachingwea miaka mingi kabla BAKITA haijaundwa 1967. Mashine haingoji kamati, bwana!

Mafundi wana njia zao za kuunda majina. Greda na boza wameyakopa kwa sauti tu. Katapila ni jina la kampuni lililogeuka jina la mtambo wowote mkubwa. Kijiko ndicho kinachonivutia zaidi: mkono mrefu, ndoo mbele, unachota udongo. Kwa maoni yangu sitiari hii ni safi kuliko nyingi tunazozihangaikia darasani.

Shida huanza kwenye majina yasiyozoeleka. Ipo rola ambayo Waingereza huiita mguu wa kondoo, yaani pipa la chuma lenye vinundu, la kushindilia udongo wa mfinyanzi. Ukitafsiri neno kwa neno unapata picha nzuri, lakini fundi atauliza: kondoo gani tena? "Rola ya vinundu" inamtosha.

Huo ni mzaha. Lipo la hatari. Neno "artikulesheni" sisi wa isimu tunalijua: ni utamkaji. Kwenye greda na mitambo ya kupakia kifusi, neno hilohilo ni kiungo cha katikati kinachouwezesha mtambo kujikunja unapokata kona. Aliyesimama pale mtambo ukijikunja hubanwa baina ya vipande viwili vya chuma. Ndiyo maana kuna pini ya kukifunga kiungo kabla ya matengenezo.

Sasa mpe mfasiri kamusi ya isimu peke yake, akuandikie "kufuli la utamkaji". Neno lipo kamusini, sarufi haina kasoro, na mhariri asiyejua mitambo atalipitisha. Fundi yeye atalisoma, acheke, kisha apande mtamboni bila kujua ameambiwa afunge nini. Bora kibao kiseme: "Funga pini ya kiungo kabla ya kuingia katikati."