Ijumaa ya Saa Sita Usiku

Mzee aliifungua leso taratibu, akaitoa saa ya marehemu kaka yake aliyeishi Maskati miaka mingi.

"Fundi, sonara ataka kuinunua kwa gramu. Wewe wasemaje?"

Niliitia kiganjani kwanza, macho baadaye. Dhahabu ya karati 18 haijifichi. Uzito wake unakuvuta mkono. Kisha nikavaa lenzi. Rolex Day-Date namba 1803, upana milimita 36. Day-Date ilitoka mwaka 1956, na tangu hapo haiuzwi ila ya dhahabu au platinamu.

Almasi usoni ni kumi, si kumi na mbili, maana juu pamekaliwa na dirisha la jina la siku, na kulia pana tarehe. Namba hazimo kabisa. Basi hapana ile kazi yetu Waswahili ya kuona kumi na mbili tukatamka sita! Nilikagua jiwe mojamoja: kila moja katika kikombe chake kidogo cha dhahabu, hakuna alama ya gundi. Almasi zilizopachikwa baadaye mtaani hung'aa vilevile, lakini mnunuzi anayejua saa huziona hasara.

Kilichonifurahisha zaidi ni pembe za miguu inaposhikia mkufu. Zilikuwa bado kali. Masonara wengi huzisugua ili saa ing'ae, na kila msuguo huila dhahabu, mpaka pembe zinakuwa duara kama sabuni iliyotumika. Hii ilikuwa na mikwaruzo tele, na mkufu umelegea kwa kuvaliwa. Mikwaruzo niliiacha.

"Usiiuze kwa gramu, mzee wangu."

Nilisafisha mashine, nikatia mafuta. Kuipanga siku ndiko kulikonichosha: toleo hili halina njia ya mkato, siku moja ni mizunguko miwili mizima ya akrabu fupi. Jina la siku ni la Kiarabu. Aliyepita madrasa hulisoma bila shida.

Mzee alikuja kuichukua Alhamisi, adhana ya Magharibi imekwisha. Akatazama dirisha la siku.

"Mbona yaandika Alhamisi? Huu si usiku wa Ijumaa?"

"Hiyo hugeuza siku saa sita usiku, mzee."

Akaivaa, akacheka kidogo. "Kama mwenyewe. Hakuwahi kufika mahali kwa wakati."