Barua ya kuacha kazi si ya kutia saini kwa haraka

Wiki iliyopita alinijia jirani yangu, mtunza stoo katika kampuni moja binafsi hapa Dar es Salaam, akiwa ameshika bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja iliyokwisha kupigwa chapa, ikieleza kwamba yeye ameamua kwa hiari yake kuacha kazi. Kilichobaki ni saini yake tu. Afisa utumishi alikuwa amemwita Ijumaa, saa tisa alasiri, akamwambia kwa upole mwingi: "Mzee, kuna upotevu stoo. Tia saini uondoke kwa heshima, kuliko kungoja ufukuzwe." Akapewa hadi Jumatatu.

Jirani yangu ana miaka 11 katika kazi hiyo. Hakuwa amelala. Swali lake lilikuwa moja: niache mwenyewe au ningoje wanifukuze?

Neno heshima ndilo lililomwelemea, na si ajabu. Sisi Watanzania tumezoea kumsifu kiongozi anayejiuzulu. Wengi bado wanamkumbuka Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyejiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani katika miaka ya 1970 kwa makosa yaliyotendwa na polisi mkoani Shinyanga, wala si kwa mkono wake, na baadaye akaja kuwa Rais. Lakini waziri anarudisha madaraka aliyokabidhiwa. Mtunza stoo anarudisha nini? Anachorudisha ni haki zake, na mara nyingi hajui hata ni zipi.

Basi tuzitazame. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiri akimwachisha kazi mtu aliyemtumikia mfululizo kwa miezi 12 au zaidi, atamlipa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Jirani yangu anapata shilingi 520,000 kwa mwezi na anafanya kazi siku 6 kwa wiki, kwa hiyo siku yake moja ni shilingi 20,000. Siku 7 mara miaka 10 ni siku 70, yaani shilingi 1,400,000. Juu ya hapo iko notisi, ambayo kwa mwenye mshahara wa mwezi haipungui siku 28, au alipwe fedha badala yake.

Akitia saini ile karatasi, hiyo 1,400,000 haipo tena, kwa sababu mwajiri hakumwachisha. Kaacha mwenyewe. Notisi nayo inageuka kuwa deni lake yeye: akiondoka bila kuitumikia, mwajiri anaweza kumkata. Siku za likizo alizokwisha kuzichuma atalipwa kwa vyovyote vile, na cheti cha utumishi atapewa, ila hivyo si hisani ya mtu.

Hata hivyo sitaki kumdanganya mtu kwamba kungoja ni salama. Anayeachishwa kwa haki kwa kosa la utovu wa nidhamu hapati kiinua mgongo. Ndiyo maana nilimuuliza jirani yangu, mke wake akiwa ameingia ndani: "Uliiba?" Akanyamaza kidogo. Akasema hakuiba, ila daftari la stoo hakulijaza kwa siku tatu, mifuko ikatoka kwa maneno ya mdomo.

Hapo ndipo penye uzito wote wa jambo hili. Kutojaza daftari ni kosa, lakini si wizi, na adhabu zake si lazima ziwe moja. Mwajiri anatakiwa awe na sababu halali na afuate utaratibu: aeleze tuhuma kwa maandishi, ampe mtuhumiwa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, amsikilize, na amruhusu kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Yule afisa mpole alikuwa anamwomba jirani yangu aifanye kazi hiyo yote isiwe na haja. Kama ushahidi wa wizi upo, kwa nini bahasha ije kabla ya kikao?

Wapo watakaouliza: na waliokwisha kutia saini kwa kubanwa? Sheria inatambua kwamba mtu aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike, huyo ameachishwa. Lakini mzigo wa kuonyesha hivyo unakuwa wake, na ataulizwa kama alilalamika kwanza kwa njia zilizopo kazini. Malalamiko ya kwenye kahawa hayahesabiwi. Andika, baki na nakala. Shauri la kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na huko huduma hailipiwi. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 ulinzi huu haumhusu, na watumishi wa umma wana sheria yao.

Kuacha mwenyewe kuna mahali pake. Aliyepata kazi nyingine na aandike barua yake, atumikie notisi, aage vizuri. Aliyekwisha kuumwa kwa ajili ya kazi naye simzuii. Hata mwenye kosa kubwa analolijua moyoni anaweza kuona afadhali aondoke kabla ya kikao, mradi ajue kuwa barua hiyo haifuti deni wala haizuii polisi. Barua hizo zote mtu huziandika kwa mkono wake mwenyewe, siku aliyoichagua yeye.

Jumatatu jirani yangu alikwenda kazini na bahasha yake, karatasi ikiwa haina saini. Akaomba tuhuma kwa maandishi. Anasema yule afisa hakumwita tena mzee. Jioni akapewa barua mbili: moja ya kumsimamisha kazi kwa malipo, nyingine ya kumwita kwenye kikao cha nidhamu, Alhamisi saa nne asubuhi. Amemwomba dereva mmoja wa pale pale aende naye, na dereva ameomba apewe usiku mmoja wa kufikiri.