Kwa Nini Mgonjwa wa Figo Hutolewa Damu Kila Siku

Wananchi na watumishi wa Serikali wanafahamishwa juu ya jambo ambalo aghalabu huzusha manung'uniko mawodini. Mgonjwa hutolewa damu leo, jamaa zake wakaelezwa kuwa majibu si mabaya, na kesho yake akatolewa tena. Wapo wanaodhani kuwa majibu ya kwanza yamepotea. Sivyo. Figo zinapodhurika kwa ghafla, kipimo kimoja hakitoshi, na sababu yake ni hii ifuatayo.

Figo mbili za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku. Karibu yote hurejeshwa mwilini, na kinachotoka kwa mkojo ni kiasi cha lita moja au mbili tu. Kazi hiyo inaweza kudorora ndani ya saa chache kutokana na kuharisha na kutapika kupita kiasi, malaria kali, kutokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, au vijidudu kuenea katika damu. Baadhi ya dawa pia hudhuru figo, zikiwamo diklofenaki na gentamisini, na hali kadhalika baadhi ya mitishamba.

Maabara haipimi uchujaji wenyewe. Hupima kreatinini, taka itokayo katika misuli na kuondolewa na figo. Figo zikilegea taka hiyo hujikusanya, lakini kwa taratibu, mithili ya hodhi ambalo bomba linamimina na tundu la kutolea maji limeziba: atakayechungulia mara baada ya kuziba ataona maji yako pale pale. Figo zilizosimama asubuhi zinaweza kuambatana na damu iliyo karibu na kawaida jioni. Kwa hiyo zile kanuni za kukadiria uchujaji kutokana na kreatinini, zinazowafaa wenye maradhi ya figo ya muda mrefu, hapa hupotosha, kwani zimejengwa juu ya dhana kwamba kiwango kimetulia. Kreatinini ikiwa ingali inapanda, hesabu huzipa figo nguvu zisizokuwa nazo. Na dawa ikipangwa kwa hesabu hiyo, mgonjwa hupewa nyingi kuliko mwili wake unavyoweza kuitoa.

Tuchukue mfano wa mwanamume mwenye kreatinini ya mikromoli 70 kwa lita leo na 105 kesho. Karatasi ya maabara yaweza kuonyesha kuwa majibu yote mawili ni ya kawaida. Hata hivyo, kwa vigezo vya kimataifa vilivyotolewa mwaka 2012, ongezeko la mikromoli 26.5 au zaidi ndani ya saa 48, au kufikia mara 1.5 ya kiwango cha awali ndani ya siku 7, ni dalili ya figo kudhurika. Mzee aliyekonda huhitaji uangalifu zaidi, maana misuli yake michache huzalisha kreatinini kidogo tangu mwanzo.

Kigezo kingine ni mkojo: kupungua chini ya nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa, mfululizo kwa saa 6. Kwa mtu wa kilo 60 ni chini ya mililita 180 katika muda huo, kiasi kisichojaza glasi ya kawaida. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala kemikali, na pengine ndiyo maana hudharauliwa. Mara nyingi huonyesha mabadiliko kabla ya damu. Wauguzi wanaijua vyema kadhia ya jamaa mwema anayemwaga mkojo alfajiri kwa ajili ya usafi, kabla haujapimwa. Hesabu ya usiku mzima hupotea. Wanaouguza wanaombwa wasimwage chochote bila ya kumuuliza muuguzi.

Mkojo ukikatika kabisa, huangaliwa kwanza kama mpira umeziba au tezi dume imefunga njia. Kwa upande mwingine, mkojo mwingi peke yake si hakikisho, kwani wapo ambao figo zao zimedhurika nao wanakojoa kama kawaida. Na figo zinapoanza kupona, mkojo waweza kuongezeka siku kadhaa kabla kreatinini haijashuka.

Anayempeleka mgonjwa hospitali achukue majibu yake ya zamani ya damu, ili daktari apate cha kulinganisha, na ataje dawa zote alizotumia, mitishamba ikiwamo, bila ya kuona haya. Anayeruhusiwa kurudi nyumbani atunze karatasi zake. Figo hupaswa kupimwa tena baada ya miezi 3, hata kama hajisikii vibaya.