Kisima cha Usharika na Wajibu wa Mwajiri

Katika ziara ya robo hii tulifika usharika mmoja unaochimba kisima. Tulikuta pampu ya petroli imeshushwa shimoni, kina cha mita kumi hivi, na kijana mmoja anajiandaa kuifuata ili azoe tope. Tuliisimamisha kazi papo hapo. Mzee wa kamati akatuambia kwamba huyo ni kibarua wa fundi, si mtumishi wa usharika.

Jibu hilo tumelisikia mahali pengi. Ni kweli fundi ndiye mwajiri wa kibarua wake, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aandae mazingira salama, atoe vifaa vya kujikinga na kuwaelekeza wafanyakazi juu ya hatari zilizopo. Lakini eneo ni la usharika, na fedha ni za usharika. Kamati haiwezi kunawa mikono.

Mafundi hushusha pampu kwa sababu ikiwekwa juu haiwezi kuvuta maji yaliyo chini zaidi ya mita saba hivi. Moshi wake una gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Wengi hupima hewa kwa kushusha mshumaa. Mshumaa ukizimika, oksijeni ni pungufu. Ila unaweza kuendelea kuwaka penye monoksidi ya kutosha kuua mtu. Mara nyingi anayezimia hufuatwa na mwenzake anayetaka kumwokoa, na wote wawili wakapotea. Basi injini yoyote isiingie shimoni. Itumike pampu ya umeme ya kuzamisha, jenereta ikae mbali na mdomo wa shimo, au maji yatolewe kwa ndoo na roda. Anayeshuka afungwe kamba mwilini, na juu wawepo watu wa kutosha kumvuta.

Mfanyakazi naye ana wajibu: kuvaa vifaa alivyopewa, kufuata maelekezo, na kutoa taarifa aonapo hatari. Hili la mwisho ni gumu kwa kibarua wa kutwa, maana anaogopa kesho asiitwe. Tunaomba kamati zimwulize zenyewe, fundi akiwa hayupo.

Kuhusu fidia, Sheria ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango hutolewa na mwajiri. Haukatwi kwenye mshahara. Kabla ya kusaini mkataba, ulizeni kama fundi amejisajili kwenye Mfuko huo na kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA).

Kwa wafadhili wetu: mtaona katika bajeti zijazo kifungu cha kofia ngumu, kamba na kukodi pampu. Tafadhali msikiondoe. Katika usharika ule kazi ilisimama siku nne hadi pampu ya umeme ilipopatikana, na baadhi ya waumini walinung'unika. Yule kijana bado anachimba.